Waridi Jekundu la Lango la Kanisa

Wifi yangu Mama Bura,

Nakusalimu huko Mbulu kwa mwanao. Ugonjwa umenichosha, kwa hiyo naandika mistari miwili mitatu, napumzika, kisha naendelea. Daktari hakunificha kitu, nami sitaki kukuficha tena. Nakala ya barua hii itasomwa kanisani kwetu, mbele ya watu wale wale waliokulaumu.

Unakumbuka siku tuliyokwenda Karatu mjini kununua miche ya tao la lango la kanisa? Kamati ilitaka waridi jeupe la kutambaa, lifunike chuma chote kabla ya jubilei ya parokia. Muuza miche alikuwa ameipanga kando ya barabara kwenye mifuko myeusi, kila mfuko na lebo yake. Mimi nilivaa miwani nikasoma. Wewe ulichuchumaa ukashika majani.

"Wifi, haya si meupe. Tazama chipukizi lilivyo jekundu. Jeupe huchipua kijani. Tena hili halitambai, matawi yake mafupi, magumu. Litasimama tu kama askari wa getini."

Muuzaji alicheka, nami nikacheka naye. "Mama Bura, si imeandikwa?"

"Na waridi lenyewe limesoma?"

"Ndiyo maana darasa la pili lilikushinda," nikakujibu. Ulikuwa utani wa mawifi, lakini wewe hukucheka. Ukabeba miche, ukaipanda kwa mikono yako.

Sasa nisikilize. Kesho yake nilirudi langoni peke yangu na lenzi yangu ya shuleni. Nilitazama machipukizi, kisha nikaenda kuyalinganisha na waridi jeupe linalopanda ukuta wa nyumba ya katekista. La kwake lilikuwa la kijani kibichi hadi nchani, na matawi yake marefu yalipinda nilipoyashika. Ya kwetu hayakupinda. Ulikuwa sahihi kwa yote mawili. Muuzaji alikuwa ametuambia tukitaka kubadilisha turudi ndani ya wiki. Nilikuwa na siku sita, nami nikazimaliza kimya. Nilikuwa nimefundisha biolojia maisha yangu yote. Ningerudije kwa yule mwanamume kumwambia nimesahihishwa na mtu aliyejifunza maua kwa kupogoa bustani ya meneja kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani?

Wiki ya jubilei maua yakafunguka mekundu, kimo cha kiuno, na tao likabaki chuma kitupu juu yake. Lebo zilikuwa zimeshachukuliwa na mvua. Mwenyekiti wa kamati akauliza nani alileta miche hii, na kabla hujafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Mama wa watu hajui kusoma, amebeba isiyo yenyewe." Ukanigeukia. Ulingoja niseme. Nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, na viatu vyangu havikuwa na kamba.

Wakakunyang'anya kazi ya maua ya altare. Mwaka haukuisha ukahama, watu wakasema umemfuata mwanao. Mimi nilijua kilichokuhamisha. Ni wewe peke yako ambaye lebo ile haikukudanganya, na wewe ndiye uliyelaumiwa kwa kutojua kuisoma.

Tangu uondoke hakuna anayenibishia. Wananiitikia tu, "Ndiyo, Mwalimu", hata ninapokosea. Sikujua kwamba heshima inaweza kumwacha mtu mpweke hivi.

Sikuombi urudi, wala sidai msamaha. Nataka jina lako lisafishwe pale lilipochafuliwa. Nimemwomba katekista asome yote, asiruke jina langu. Kwa huruma yake ameniuliza kama si afadhali aiweke mpaka nizikwe, niepuke aibu. Nimekataa. Isomwe Jumapili hii, nikiwa nimekaa mbele yao, na masikio yangu bado yanasikia.

Mungu akutunze, wifi.

Ni mimi wifi yako,
mke wa marehemu kaka yako