Msimu wa Roboti, Mwaka Aliofariki Mama

Jumatatu, 5 Mei

Vipindi vinne vya fizikia, kisha simu. Timu tisa zimethibitisha. Ya kumi imejitoa. Mwalimu wao amehamishiwa Tunduru katikati ya muhula na hakuna aliyetaka kuipokea klabu. Nimemwandikia mkuu wa shule kumshukuru. Sijui nilimshukuru kwa lipi.

Mashindano ni Jumamosi ya tarehe 31, ukumbi wa parokia. Mchezo wa mwaka huu niliutunga Januari, mama akiwa bado anakaa kibarazani akichambua maharage. Roboti inafuata mstari mweusi juu ya mkeka, inachukua vifuko vidogo vya mahindi na kuvifikisha ghalani. Dakika tatu. Timu itakayoshinda inakwenda Dodoma kwa niaba ya mkoa.

Mama alifariki Februari. Sijalia. Kazini wananiambia najikaza vizuri. Sijikazi. Hakuna kitu cha kukaza.

Jumatano, 7 Mei

Mikeka ya mashindano imefika kwa basi kutoka Dar. Imekunjwa vibaya. Nimeitandaza sebuleni na kuilaza chini ya vitabu. Nimekula mkate mkavu nikiwa nimesimama.

Jumamosi, 10 Mei

Semina ya walimu walezi wa timu, shuleni kwetu Msamala. Wamekuja wote tisa, mmoja na mtoto mgongoni. Tumepitia kanuni. Ya nne niliisoma mara mbili: roboti ijengwe na iandikiwe programu na wanafunzi wenyewe. Mwalimu anafundisha, anauliza maswali, hashiki. Wakacheka kwenye "hashiki". Mwalimu Haule akasema nimeandika kama Musa mlimani. Nikacheka kwa sababu wengine walicheka.

Haule ndiye aliyeanzisha klabu ya kwanza ya roboti hapa mjini, mimi nikafuata. Ndiye pia aliyempeleka mama hospitali. Mama alipofariki alikaa nasi msibani siku zote, akisimamia viti, maji, magari ya kwenda kijijini kuzika. Alichimba kaburi pamoja na vijana wa ukoo wetu. Nakumbuka udongo kwenye viatu vyake. Nakumbuka vitu vya namna hiyo tu.

Alhamisi, 15 Mei

Ukaguzi umeanza. Kila timu naitembelea mara moja kabla ya mashindano, naangalia roboti, nawauliza wanafunzi maswali.

Leo Lizaboni. Roboti yao ni kopo la mafuta ya kupikia lenye magurudumu ya mifuniko. Inakwenda upande kama mlevi. Nikauliza kwa nini. Wanafunzi wanne wakajibu kwa mpigo, kila mmoja na jibu lake, wakaanza kubishana mbele yangu. Mwalimu wao akaona aibu. Hakukuwa na sababu. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nimeandika "wanaelewa" kwenye fomu.

Zamani ningefurahi siku nzima.

Jumanne, 20 Mei

Zamu ya timu ya Haule. Wanajiita Sisimizi, wasichana watano wa kidato cha tatu. Mwaka jana walikuwa wa pili, wakalia hadi kwenye picha ya pamoja.

Roboti yao ni nzuri kupita zote. Mkono unashuka taratibu, unakamata kifuko, unainuka bila kutikisika. Vifuko sita, na muda ukabaki. Nimeitazama mara tatu.

Kisha nikafanya ninachofanya kwa kila timu. Nikamwomba nahodha, Zuhura, auchomoe mkono na kuurudisha. Akatazama mlangoni. Haule alikuwa ametoka kupokea simu.

"Madam, sisi haturuhusiwi kuigusa. Mwalimu anaogopa tutaiharibu. Aliileta ikiwa tayari."

Hakuwa anatoboa siri. Alinieleza tu, kama mtu anayemwelekeza mgeni ofisi ilipo. Nikauliza programu kaandika nani. Mwalimu. Na ninyi mnafanya nini?

"Tunabonyeza hapa." Akanionyesha kitufe chekundu.

Haule akarudi, akaniuliza nimeionaje. Nikasema ni nzuri. Nikapanda bajaji. Fomu sijaijaza.

Jumatano, 21 Mei

Fomu bado. Nimesahihisha madaftari yote ya kidato cha pili.

Imelda, mdogo wangu, amepiga kutoka Mbinga. Anataka tupange siku ya kugawana nguo za mama. Nimesema siku yoyote. Akasema, "Dada, unaongea kama mtu wa benki." Nilikubali tu kwamba naongea hivyo.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda nyumbani kwa Haule, Ruhuwiko, baada ya vipindi. Mkewe akaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Nilisubiri aingie ndani.

Hakukataa hata kidogo. Ndiyo, ameitengeneza yeye. Vifaa vilichelewa, wasichana walikuwa kwenye mitihani, mwaka jana walilia. Baba yake Zuhura amesema mwaka huu wakirudi mikono mitupu, mwanawe aachane na klabu. Alitaka wafike Dodoma hata mara moja.

Nikamwambia roboti ile haitashindana. Wasichana wanaweza kuja na nyingine watakayoijenga wenyewe.

"Kwa siku nane? Dada Resti, huko si kuwaruhusu. Ni kuwaaibisha."

"Kanuni ni ya wote."

Akanyoosha viganja vyake juu ya meza. "Nimemzika mama yako kwa mikono hii."

Ndani, mkewe akaacha kuosha vyombo. Nikangoja kitu kinipande kifuani. Hasira, aibu, chochote. Hakikupanda. Nikasema najua, na nashukuru, na fomu naijaza leo. Kisha nikamaliza chai yangu. Nadhani hiyo ya kumaliza chai ndiyo iliyomuudhi zaidi.

Fomu nimeijaza.

Jumamosi, 24 Mei

Kundi la walimu kwenye simu limechafuka. Haule ndiye aliyeandika, mimi sikuwa nimemtaja. Watatu wanasema nimetenda haki. Wawili wanasema kila mwalimu husaidia kidogo, nani aliye safi. Mmoja kaandika kwamba tangu nifiwe nimekuwa na roho ngumu, kisha kafuta. Nilikuwa nimeshasoma.

Labda ni kweli. Sikumjibu mtu. Nimefua.

Jumapili, 25 Mei

Misa ya kwanza. Haule alikuwa benchi la mbele yangu. Wakati wa kutakiana amani aligeuka, akampa mkono mama aliyekuwa kulia kwangu, kisha wa kushoto. Akarudi kutazama altare.

Saa nane mchana, hodi. Zuhura, bado na hijabu nyeupe ya madrasa, na wenzake wanne. Wamebeba boksi.

"Shikamoo madam."

"Marahaba. Nani kawaelekeza kwangu?"

"Tumeulizia."

Wanataka kujua kama ni kweli bado wanaruhusiwa kushindana. Nikasema ni kweli. Haule amewaambia amejitoa kwenye klabu, na funguo za chumba chao cha vifaa anazo yeye. Kwenye boksi kulikuwa na mota mbili za zamani, betri, waya, kipande cha mbao, na kompyuta ya kaka yake mmoja wao. Hawana pa kufanyia kazi.

Nilifikiri kidogo. Kisha nikaandika kwenye kundi kwamba maabara yetu Msamala iko wazi kwa timu yoyote, kila siku baada ya vipindi hadi saa kumi na mbili. Ikiwa wazi kwa wote, hakuna aliyependelewa.

"Madam, utatufundisha?"

"Hapana. Mimi ndiye mwandaaji."

Zuhura akatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama angalau nitakuwepo. Nikasema nitakuwepo, ufunguo ni wangu.

Jumanne, 27 Mei

Siku yao ya pili. Wamepachika mota kinyume, roboti ikarudi nyuma na kuanguka mezani. Wakacheka hadi wakakaa chini. Kisha mota moja ikatoa moshi, na kicheko kikaisha. Mmoja wao, Neema, akaenda kulilia chooni.

Mimi nilikuwa mezani kwangu na madaftari. Waya uliokosewa niliuona tangu mwanzo. Sikusema. Nilisahihisha daftari moja mara mbili bila kujua.

Timu ya Lizaboni nao walikuwepo na kopo lao. Nahodha wao akaja akaangalia, akanusa, akarudi kwenye boksi lao na kuwatolea mota ya akiba. Hakuombwa. Baada ya hapo walilikagua lile fundo la waya wote tisa pamoja. Saa nzima na zaidi. Walipolipata kosa walipiga kelele hadi mlinzi akaja kuuliza kuna nini.

Nikamwambia hakuna kitu. Wamepata waya.

Alhamisi, 29 Mei

Mkono umewashinda. Wamejaribu mara nyingi, unashuka lakini haukamati. Jioni wameukata. Wamefunga mbele ya roboti kipande cha ndoo ya plastiki, kama koleo, kinasukuma vifuko badala ya kuviinua. Zuhura akaja kuuliza kama inakubalika.

Nikafungua kanuni. Imeandikwa "kuvifikisha ghalani". Haisemi kuinua. Nikamwonyesha mstari. Akausoma kwa kidole, akakimbia.

Tangu Februari sijasoma kitu nilichokiandika mwenyewe nikaona kina akili. Leo nimeona.

Saa kumi na moja pikipiki ya Haule ilisimama nje ya geti. Hakushuka. Alitazama madirisha ya maabara kwa muda, kisha akaondoka. Wasichana hawakumwona. Sikuwaambia.

Jumamosi, 31 Mei

Nimeandika majina, nimetandika mikeka, nimewasha kipaza sauti kinachokoroma. Ukumbi ulijaa kuliko mwaka jana. Kuna mzazi alikuja na kuku chini ya kwapa akitokea sokoni, akaangalia mashindano yote hivyo hivyo.

Haule aliingia timu ya tatu ikiwa mkekani. Hakukaa. Alisimama karibu na mlango.

Zamu ya kwanza ya Sisimizi: sifuri. Roboti iliacha mstari na kwenda moja kwa moja hadi kwenye viatu vya mwamuzi. Watu walicheka. Neema akajifunika uso. Zuhura hakujifunika. Alipiga magoti, akainama na kuangalia kitu kidogo cha chini kinachosoma mstari, wenyewe wanakiita jicho, akalipangusa kwa ncha ya mtandio.

Zamu ya pili. Kifuko cha kwanza kikaingia. Cha pili kikaingia. Cha tatu kikakwama mlangoni mwa ghala, magurudumu yakazunguka bure. Ukumbi mzima ulikuwa unasema sukuma, sukuma. Nikamtazama Haule. Alipiga hatua moja mbele. Akasimama. Akatumbukiza mikono yote miwili mfukoni. Muda ukaisha.

Vifuko viwili. Nafasi ya saba kati ya tisa. Lizaboni ni ya nne. Dodoma inakwenda timu ya Mbinga, na walistahili.

Wakati wa kupanga watu kwa picha nilimwona mwanamume mrefu, amevaa kanzu, amesimama kwenye meza ya Sisimizi. Baba yake Zuhura. Nikasogea. Nilidhani patahitajika mtu mzima.

"Hii kaitengeneza nani?"

"Sisi."

"Mwalimu wenu je?"

"Sisi, baba. Wenyewe."

Akaigeuza roboti juu chini, akaangalia fundo la waya kama fundi anayekagua kazi ya mwenzake. "Haya, niambie. Huu unakwenda wapi?" Zuhura akamwambia. Akauliza mwingine. Akamwambia. Picha ilipigwa bila wao. Nilipofunga mikeka bado walikuwa wanaulizana, na yule baba alikuwa amevuta kiti.

Haule aliondoka kabla ya medali.

Nilitegemea kuhisi kitu usiku huu. Miguu inauma. Basi.

Jumatatu, 2 Juni

Baridi imeanza. Mikono ilikufa ganzi asubuhi nikifungua ukumbi. Meza tulizoazima shule ya msingi zilitakiwa kurudi leo. Nilikuwa nimeagiza guta na mwenye nalo hakutokea. Nikakaa kwenye ngazi.

Haule akaja na guta jingine, analisukuma mwenyewe, mwenye nalo anamfuata nyuma. Kuna mtu wa parokia alimpigia. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Tukapakia meza za kwanza.

Kwenye safari ya pili akasema, bila kunitazama, "Juzi pale mlangoni. Ningeitoa mikono mfukoni, ningekwenda kukisukuma kile kifuko mwenyewe."

"Niliona."

"Funguo za chumba nimempa Zuhura." Akavuta kamba. "Na lile neno nililokuambia nyumbani. La kaburi."

"Liache."

"Siliachi. Halikuwa neno la kusema."

Tukafika kwenye tuta. Guta lilipanda kwa shida, sote tukasukuma. Sijui kwa nini nilisema pale na si mahali pengine. Nilisema, "Sijamlilia mama."

Sijawahi kulitamka mbele ya mtu. Hata kwa Imelda.

Hakushtuka. Hakuniambia pole, hakuniambia nijikaze. "Najua," akasema. "Nilikuwepo."

Tulipofika akafungua kamba. Tukazishusha meza moja moja, yeye upande mmoja, mimi upande wa pili, tukizipanga ukutani chini ya madirisha. Ndani, watoto wa darasa la kwanza walikuwa wanasoma silabi kwa sauti. Mwalimu wao akatoka kuhesabu. Zilikuwa zimetimia.