Kama Nicanor Alicheka

Jumamosi, 10 Agosti 1974
Sabuni hakuna Mbale nzima. Nguo za mwanangu Enos nimefua kwa maji ya majivu, mikono inawaka.

Mchana ngoma za tohara zilipita hapa Nkoma, vijana wamepakwa unga mwili mzima. Mume wangu Joash hakukalika ndani. Tukatoka, mtoto mgongoni. Gari la jeshi likasimama, akashuka Nicanor, koplo sasa, na sare yake. Huyo na Joash walitahiriwa asubuhi moja, kule kwetu ng'ambo ya mpaka. Ni rika. Watu wa rika hutukanana wapendavyo, na anayekasirika ndiye mwenye makosa.

Joash akapaza sauti: "Nicanor! Siku ya kisu ulisimama kwa sababu mjomba alikushika mgongo. Leo nani amekushika?"

Nicanor alicheka hadi akaegemea mti. Watu wakacheka. Mimi pia – nilicheka, niandike ukweli. Ndipo sauti ikatoka garini: mnacheka nini? Afisa, Afande Nasur. Barabara nzima ikawa kama kanisani.

Nyumbani nilimwambia Joash mwenzake ana sare. Akasema sare haifuti rika.

Jumatatu, 12 Agosti
Wamemchukua.

Saa nne, chuoni, mbele ya wanafunzi. Cleophas, mwalimu mwenzake, ndiye aliyekuja kuniambia, macho kwenye viatu. Eti askari walisimama mlangoni wakamwacha amalize sentensi. Alikuwa kwenye somo lake lile la falsafa – kwamba mtu hacheki mpaka ameelewa, na kwamba mtoto hucheka kabla ya kusema, kwa hiyo akili huanzia hapo. Wanafunzi walikuwa wakicheka. Wakaacha.

Nimesoma daftari lake. Ameandika: "Neno likichekwa ni utani, lisipochekwa ni tusi. Maana haiko kinywani mwa msemaji, iko kwa anayesikia." Amepiga mstari mara mbili chini yake. Miezi yote hii mimi nachota maji, yeye anapiga mistari.

Nimelisoma tena, kisha nikalitia motoni jikoni. Wakija kupekua wasilikute. Uji wa Enos ulichemka vizuri.

Jumatano, 14 Agosti
Hakuna habari. Meno yanamsumbua mtoto. Maziwa yangu yanapungua.

Ijumaa, 16 Agosti
Jinja. Cleophas alisikia kwamba Joash ameletwa kambini huku. Sina mtu Jinja ila Topista, mke wa Nicanor. Mke wa rika hamfungii mlango mke wa rika. Hakunifungia. Alinitua mtoto mgongoni kabla sijasema neno, akamwogesha kwa kipande cha sabuni alichokuwa amekificha.

Nicanor alirudi jioni. Hakukaa. Nikamwambia, shemeji, sema tu ni utani, sema ulicheka, ndiyo desturi yetu, watamwachia. Akanitazama kama nimemwomba jicho.

"Shemeji, nimeshaandika. Nimesema sikucheka. Nilikuwa nakohoa vumbi."

"Uliegemea mti, Nicanor."

"Nilikohoa."

Topista alikuwa anamenya ndizi. Kisu hakikusimama hata mara moja. Ana watoto wanne.

Jumapili, 18 Agosti
Nimemwona Afande Nasur kambini. Si mtu wa kelele. Alinipa kiti, akauliza mtoto ana miezi mingapi. Saba, nikasema. Akamchezea vidole, na Enos, mjinga wangu, akamchekea.

Kisha akaniambia hivi: nimeuliza watu wa kwenu, mama. Wanasema rika akitukanwa, anacheka, maneno yanakwisha. Desturi nzuri. Lakini koplo anasema hapana cheka. Kama hapana cheka, basi bwana yako ametukana jeshi barabarani. Kama alicheka, bwana yako ni mtani tu, aende nyumbani – lakini mimi niko na koplo anacheka jeshi na ananidanganya kwa maandishi. Mimi nilikuwa garini. Niliona mabega yake tu. Wewe ulikuwa mbele, uliona uso. Kesho asubuhi utaniambia.

Nikasema, afande, watu wengi walikuwa mbele.

"Hao hawana bwana hapa," akasema.

Nimerudi kwa miguu, mtoto kalala. Joash alitafuta mwanafunzi wa kulielewa somo lake mwaka mzima. Amempata. Ana bastola kiunoni.

Nikisema alicheka, nimelala kwenye mkeka wa mwanamke niliyemfanya mjane. Nikisema hakucheka, Enos hatamjua baba yake. Nikisema sikuona – hilo nalo nimelifikiria. Asiyeona hamsaidii Joash. Huyo mwenye vitabu angesema hapa kuna kitu cha kuchekesha. Nakitafuta. Sikioni.

Jumatatu, 19 Agosti
Nicanor ameondoka alfajiri bila chai. Topista anajua. Sijui nani kamwambia, hajauliza kitu. Amepika uji, ametia sukari, sukari yenyewe, sijaionja tangu Pasaka. Amenikalisha kitini, yeye chini. Amesema tu: "Kula, mwenzangu, unanyonyesha."

Nimekula wote. Niliona aibu, lakini nimekula.

Joash wangu, kama ungekuwa hapa ningekuzaba kofi, kisha ningekuuliza miguu inauma wapi. Nimeshaamua. Niliamua jana njiani, na sijabadilisha. Niliona nilichoona: mti, na mtu aliyeuegemea.

Gari la kambi limefika nje. Askari ananiita. Nimemjibu naja, nafunga mtoto mgongoni kwanza.

Mtoto yuko kwa Topista. Nimenyoosha mikono mara mbili. Anamfuta mdomo polepole, anamtazama, hajanirudishia.