Kuoga kwa Maji Matupu

Jumatatu, 3 Machi
Mke wangu kaenda kumuuguza mama yake. Nyumba kimya. Nimebaki na chai na redio, kama mfalme asiye na raia. Daktari wa ngozi alikuwa akisimulia habari za sabuni. Kumbe ilianza kwa mafuta yaliyochemshwa na maji ya majivu, basi! Watu wengine wa kale hata hiyo hawakuitumia: walijipaka mafuta, wakajikwangua kwa chuma. Tena sabuni kali hukausha ngozi. Nikatazama viwiko vyangu — vimepauka kama ukuta wa chokaa. Kuanzia leo, maji matupu! Fundi cherehani nimekuwa mwanasayansi.

Jumatano, 12 Machi
Viwiko laini. Ila kazini kuna jambo. Nilikuwa nampima mteja kifua, akageuza uso mlangoni. Juzi mama mmoja alifungua dirisha bila kuomba. Mimi sisikii harufu yoyote, lakini chumbani tuko wawili tu: mimi na Pindo, mwenzangu wa cherehani ya pili. Mimi naoga asubuhi na jioni. Basi ni nani? Maskini Pindo.

Jumatatu, 17 Machi
Nimemkabidhi Pindo kipande cha sabuni. Nilijiona mwungwana! Nikamwambia ndugu yangu, usinielewe vibaya, joto hili linatushinda sote. Bibi harusi aliyekuja kujaribu gauni akacheka. Nami nikacheka, kwa sauti kuliko yeye. Pindo akasema asante, kaka. Akaendelea kushona, kichwa chini.

Jumatano, 19 Machi
Pindo hajaja tangu jana. Simu hapokei. Leo mteja wa suruali kakataa kuingia — eti nimpimie hapo hapo nje. Ajabu.

Alhamisi, 20 Machi
Sijui nianzie wapi.

Mke wangu karudi. Kasimama mlangoni, mkoba mkononi. "Wee baba, kuna panya kafia humu?" Akanisogelea, akaweka pua shingoni mwangu, akaruka nyuma. Ni mimi!

Nikamtajia daktari wa redio. Alicheka hadi akaukalia mkoba wake. Akasema daktari alitaja sabuni kali, mimi masikio yangu yakaikata "kali" kwa mkasi. Jasho lenyewe halina neno, akaniambia. Vijidudu vya kwapani hulila, ndipo uvundo unaanza. Na maji hayapatani na mafuta ya mwili. Sabuni ndiyo inayoshika mafuta kwa upande huu na maji kwa upande ule, vyote vikaondoka pamoja. Na pua? Pua ikishamzoea mwenye nayo, hainusi tena.

Nikamweleza habari ya Pindo. Kicheko kikakatika.
"Mbele ya mteja?"
"Mbele ya mteja."
Akanipa sabuni bila kunitazama. Nimejisugua mpaka maji yakaisha ndooni. Uvundo umetoka. Uso nimeshindwa kuuinua.

Ijumaa, 21 Machi
Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha Pindo. Nimekuja kuomba radhi. Njia nzima nilikuwa nayakariri maneno!

Mkewe ndiye aliyefungua. "Karibu shemeji. Yuko bafuni — siku hizi kahamia huko." Akashusha sauti. Mume wake anamuuliza kila siku: umenivumilia miaka yote hii? Yeye anamwapia kwamba hajawahi kunuka. Hamwamini. Anasema: kaka hawezi kunisingizia.

Kaka ndiye mimi.

Pindo akatoka na taulo kiunoni. Shingo nyekundu, imechubuka kwa kusuguliwa. Akafurahi kuniona — akafurahi! Akanyanyua mikono. "Kaka, kabla hujasema lolote, ninuse. Wewe utaniambia kweli."

Nikamnusa. Sabuni tupu. Mdomo ukafunguka, maneno yote niliyoyakariri yakaniponyoka, nikajisikia nikisema: "Sasa uko sawa kabisa."

Sasa! Neno gani hilo!

Akashusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia. Kaingia ndani kuvaa, twende wote kazini. Namsikia akipiga mluzi.

Mkewe hajaondoka mlangoni. Ameniuliza taratibu, jicho kavu: "Kwa hiyo shemeji, mimi ndiye nilikuwa namdanganya?"

Nimejifanya naandika. Naandika kweli. Mluzi umenyamaza — anafunga vifungo, anakuja