Ukurasa Tusioutoa Kopi

Jumatatu, 10 Februari

Mvua tangu alfajiri. Mwanjelwa yote tope. Karatasi zimenyonya unyevu, mashine ya kopi imezitafuna mara tatu kabla sijapata mteja wa kwanza. Bismillahi nyingi leo.

Grupu la WhatsApp limeamka kabla yangu. Wasafiri wa Ukungu. Mtu wa Songea anaomba faili la kitabu, mwingine yuko Dodoma. Nimewatumia wote nikiwa nimesimama hivi hivi, mkono mmoja kwenye mashine. Imekuwa kama kugawa maji.

Nani angedhani. Kitabu chenyewe kidogo tu, jalada la kijani limechakaa. Mchezo wa mezani. Mmoja anakuwa msimulizi, wengine kila mtu na mhusika wake: mpagazi, mganga, mwindaji, mfinyanzi. Mnasafiri kwa maneno. Penye hatari mnarusha dadu. Sura ya mwisho ndiyo inayowakamata watu: mtoto wa kike, Yusta, amepotea kwenye ukungu wa Kitulo, na mna zamu saba za kumtafuta. Dadu zikikataa, hapatikani. Nimeona watu wazima wanafuta machozi.

Baba Nasra ndiye aliyekuja nacho, enzi zile anaendesha lori, anapeleka na kuchukua mizigo Mgololo, kiwanda cha karatasi. Wakati wa mvua tulicheza na watoto, yeye msimulizi. Dadu alizirusha chini ya kofia yake akachungulia peke yake. Watoto wanapiga kelele, "Baba unaiba!" Mwaka wa nne huu tangu aondoke. Mungu amrehemu.

Kitabu hakichapwi tena. Niliulizia madukani, hakuna anayekijua. Mwalimu Sekela alikiona kabatini kwangu mwaka jana, akataka kopi kwa ajili ya watoto wa shuleni kwake. "Mama Nasra, unafungia dhahabu kama nguo za maiti!" Basi nikakiskani. Ndiyo ilivyoanza.

Jumatano, 12 Februari

Mteja kaniita mwandishi. "Wewe si ndiye mwenye kitabu cha ukungu?" Nimecheka tu. Sikumkatalia.

Mbona sikumkatalia?

Jumapili, 16 Februari

Siwezi kula.

Mchana imeingia sauti kwenye grupu. Mwanamke wa makamo, Kiswahili cha Kihehe. "Hamjambo. Mimi naitwa Mama Yusta, wa Ipogolo, Iringa. Naomba kujua nani kawapa hicho kitabu."

Watu wakadhani anacheza. Vikatuni vya kucheka vikajaa. "Shikamoo Mama Yusta! Mtoto tunaye, tumempata Ijumaa!" Mwingine: "Kwetu mtoto alikufa, pole mama, dadu zilikuwa mbovu." Sekela naye: "Karibu mama, unachukua mhusika gani?"

Na mimi nilicheka. Naandika hapa ili nisije nikajidanganya baadaye. Nilicheka kwa sauti, mteja akaniuliza kuna nini.

Ikaja sauti ya pili. Kwanza pumzi tu. Halafu: "Mimi ni mama yake kweli. Yusta ni mtoto wangu. Yuko makaburini, hapa hapa Ipogolo."



Jumatatu, 17 Februari

Nimekitoa kitabu kabatini, nikafungua ukurasa wa nyuma ya jalada.

Sisi wa steshenari huo ukurasa hatuutoi kopi. Ule wenye maandishi madogo. Mwanafunzi akija anasema, "Mama, anzia sura ya kwanza," na hata asiposema, mkono wenyewe unauruka. Ni kupoteza karatasi. Miaka yote hii sijawahi kuusoma wa kitabu chochote. Siku ya kuskani niliuruka vilevile. Ndiyo maana faili langu halina jina la mtu. Ndiyo maana wameniita mwandishi.

Umeandikwa hivi. Haki zote ni za mwandishi, Mwalimu Mgaya. Usinakili bila idhini. Ukihitaji, niandikie barua, nitakujibu. Halafu sanduku la posta la Iringa.

Chini yake, peke yake: Kwa binti yangu Yusta, aliyeomba awemo.

Barua moja tu. Angenijibu. Angeniambia hapana.

Jumanne, 18 Februari

Nimempigia. Nilitegemea matusi, nilishajiandaa. Hakutukana. Ingekuwa afadhali.

Mumewe alikuwa anafundisha msingi. Aliutunga mchezo kwa ajili ya wanafunzi. Yusta akamng'ang'ania amtie ndani, akamtia, wakacheka wote. Kitabu kikachapwa. Mwaka wa pili, kipindi cha mvua, mtoto akavuka mto Ruaha Mdogo akitoka shule, maji yakamchukua. Walimpata siku ya tatu. Alikuwa na miaka tisa.

Mwalimu akazunguka na baiskeli shule zote na maduka yote, akikusanya vitabu. Kwa hiyo havikuisha madukani kama nilivyodhani. Aliviondoa mwenyewe. Alisema kila anayerusha dadu anamtupa mtoto wake majini upya. Akavifunga kwenye maboksi, akamkabidhi dereva wa lori aliyekuwa anakwenda Mgololo, avifikishe vikasagwe. "Kijana mmoja Mwislamu, mpole," anasema Mama Yusta. "Aliapa kwa Mungu kwamba hakitabaki hata kimoja."

Sikumwambia dereva huyo ni nani kwangu. 

Jumatano, 19 Februari

Nimeandika kwenye grupu: futeni faili, wote, tafadhali, mwenyewe hataki. Wengi wamesema sawa. Wengine wamejitoa kimya kimya, na faili wameondoka nalo. Mtu wa Dodoma anasema ameshalituma makundi mengine mawili, na huko limeshatumwa mbele. Nimemwomba awaombe. Kasema atajaribu.

Sekela kaja dukani na mwavuli wake mkubwa, ananikaripia kama mwanafunzi. "Kitabu kilifia kabatini, wewe umekifufua. Unalia nini? Watoto wangu wanasoma kwa sababu ya hicho kitabu."

"Mwenye mtoto hataki, Sekela."

"Mtoto wa kwenye kitabu siye yule wa kaburini."

"Kamwambie mama yake."

Hajafuta lake. Nimemjua kwa jinsi alivyokunja mwavuli.

Ijumaa, 21 Februari

Baada ya sala nimemvizia ustadhi pale msikitini. Nimemwuliza kama naulizia mtu mwingine. Akaniambia: haki ya Mwenyezi Mungu, Yeye mwenyewe anasamehe. Haki ya mja haisamehewi mpaka mja mwenyewe aridhie. Na kama aliyekosa ameshafariki, ndugu zake wamwombee radhi kwa mwenye haki, wasichelewe.

Kisha akasema taratibu, "Nenda, Mama Nasra."

Alijua. Mume ni vazi la mkewe, na langu limechafuka, kila mtu anaona.

Ninachoogopa si sheria ya serikali. Baba Nasra yuko kule chini kaburini na amana ya watu, na mimi nimeichukua amana hiyo nikaizidisha mara sijui ngapi.

Jumapili, 23 Februari

Nimerudi kutoka Iringa sasa hivi. Naandika kabla sijavua viatu.

Nyumba iko chini ya mlima, karibu na barabara kuu, malori yakipita vikombe vinacheza kabatini. Mama Yusta kanipokea mkoba kama mgeni wa heri. Mwalimu amekaa kibarazani, blanketi magotini. Macho yamefifia, mkono wa kushoto haufanyi kazi. Nimemwamkia. Nimempa kitabu nilichokifunga kwenye khanga. Amekipapasa jalada kwa kidole gumba. Hakukifungua.

Nimesema yote. Kwamba nilikiskani mimi. Kwamba dereva yule ni mume wangu, na ni marehemu. Kwamba nimekuja kuwaombea radhi wawili.

Ukapita mlolongo wa malori.

"Wewe mama nimekusamehe," akasema. "Hukujua. Yeye alijua. Alinitazama usoni akaapa, na kisu alikuwa nacho mfukoni cha kufungulia boksi."

Nikamwambia, Mwalimu, nakusihi.

"Mimi ni Mkristo, najua ninachotakiwa kusema. Sina uwezo wa kukisema leo. Usinifanye niseme uongo."

Mama Yusta alitengeneza chai. Tumekunywa sote watatu. Hakuna aliyemaliza.

Ijumaa, 28 Februari

Kesho kutwa huenda tukaanza kufunga Ramadhani. Simu imejaa maneno yale ya kila mwaka: nisamehe niliyokukosea kwa kujua na kutojua. Yale yale, maua yale yale. Mtu ananiomba radhi kwa kubonyeza kidole. Nimeyafuta yote bila kusoma.

Faili limenirudia leo. Mteja asiyenijua kaja na simu, anataka nimtolee karatasini. Kwenye jalada mtu ameandika, Kimetungwa na Mama Nasra wa Mbeya. Nimemwambia mashine mbovu.

Jumanne, 4 Machi

Swaumu ya tatu. Nasra kaja kufuturu na mimi. Nikamsimulia mambo yote, mpaka lile neno la Mwalimu. Nikamwambia baba yako aliiba. Sikutaka lisemwe na mtu wa nje kwanza.

Alikuwa anamenya chungwa. Akasema, "Lakini mama, sisi kwetu Yusta hakupotea hata siku moja."

Nikamwambia zilikuwa dadu.

"Dadu gani? Chini ya kofia? Miaka yote ile, kila mvua, na kila siku anapatikana? Kaka aliwahi kunyanyua ile kofia, dadu zilikuwa moja na moja. Tumeshashindwa. Baba akazifunika tena, akasema, 'Amepatikana, nipeni blanketi.' Tukaufunika mto wa kochi, ndiye Yusta."

Nimebaki na tende mkononi.

Sasa nakumbuka. Nilimwuliza siku moja, mbona unawadanganya watoto, mchezo si kushinda na kushindwa? Akaniambia, "Huyu hapotei nyumbani kwangu." Nikadhani ni huruma za baba tu.

Alijua. Alijua mtoto ni wa nani.

Haiondoi kiapo. Najua haiondoi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeandika barua. Kwa mkono, si kwa simu. Kuhusu kofia, na moja na moja, na blanketi. Sikuomba kitu mwishoni. Nimeipeleka posta mwenyewe, kwa sanduku lile lile la ukurasa ule. Kitabu nilishamrudishia, lakini namba niliinakili nyuma ya daftari hili kabla sijaondoka. Ndiyo kitu pekee nilichonakili.

Jumapili, 9 Machi

Hakuna jibu.

Sekela kanifuata kisimani, akanionyesha simu yake. Faili amelifuta. Nikamsaidia kunyanyua ndoo.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua imepungua. Mbalizi na milima yote inaonekana leo.

Mama Yusta kapiga. Barua imefika. Amemsomea Mwalimu, maana macho yake hayaoni vizuri, akamrudia mara ya pili. Hiyo ni juzi. Leo wakati wa uji kamwuliza mkewe, ile kofia ilikuwa ya rangi gani.

Nimemwambia nyeupe. Imeshonwa kwa mkono, uzi wa kahawia, pembeni imefumuka kidogo.

Akasema, haya, nitamwambia.

Nimeitoa kofia sandukuni. Nimeifua kwa maji ya uvuguvugu, nimeivalisha bakuli isijikunje. Iko juani, mbele ya duka. Nimekaa nayo.