Alama ya Shavu Lako

Dada yangu,

Sisi huku wazima, goti la mama tu ndilo linamsumbua. Mimi bado niko kwa fundi seremala. Karatasi ina madoa ya mafuta, usinicheke.

Baba aliniletea ile bunduki ya upepo uliyokuwa unafukuzia ndege shambani. Alisema niifanye mpya. Kitako nimekipiga msasa, sasa nakipaka mafuta ya kitani kwa kiganja. Unasugua mpaka mkono upate moto, unaacha siku nzima, unarudia. Leo ni mara ya sita.

Ila upande wa kulia, pale ulipokuwa unalaza shavu, jasho lako limeingia kwenye mbao na mafuta hayashiki. Ni wewe tu mwenye mashoto nyumbani kwetu, sisi wengine shavu tunalilaza upande wa kushoto. Fundi akaniambia, "Kwaruza hapo, bwana mdogo, au unataka kuioa hiyo bunduki?" Nikacheka tu. Sikukwaruza.

Leo asubuhi baba alikuja kuiangalia. Tangu uolewe bila ruhusa yake hajawahi kukutaja. Nikajua atanigombeza. Akapitisha kidole gumba pale pale, halafu akasema, "Hapa usipaguse. Bunduki ya mwenye mashoto hii, mimi itanifaa nini?"

Akaondoka zake.

Nitapaka mara ya saba, kisha nitaitundika kwenye msumari wako nyuma ya mlango. Kwa basi siitumi, dada. Njoo uichukue mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako, mikono bado inanuka mafuta.