Usiku wa Radi, Bila Miwani

Jumapili asubuhi. Mawingu yameondoka, matope yamebaki.

Ninawatangazia wakazi wote wa Itetemia, pamoja na wapita njia, kwamba stendi ya kamera yangu imekamilika. Ina miguu mitatu, yote mipini ya majembe. Ya chuma niliiogopa.



Jana jioni wingu lilipanda kutoka upande wa Urambo, jeusi kama masizi ya chungu. Kamera ilikuwa barazani, imevishwa mfuko wa nailoni. Shangazi, aliyenilea, akaanza kazi yake ya kila masika: kufunika kila kioo cha nyumba, maana anaamini kioo huita radi. Cha kabati kwa kanga, cha ukutani kwa gunia. Mumewe alipigwa na radi kwenye shamba la karanga, kwa hiyo simcheki. Halafu akaninyooshea mkono.

"Lete na hiyo miwani, baba."

"Shangazi, bila miwani sioni hata mlango."

"Vizuri. Basi hutatoka."

Nikampa. Nikapapasa koti la mvua chumbani, nikabeba kamera na stendi yake, nikatoka hadi shambani.

Nimejifundisha mwenyewe: unaacha kamera wazi sekunde thelathini, unasubiri radi ijilete. Hakuna aliyeeleza unafanya nini ikijileta kweli.

Kati ya mwanga na ngurumo nilikuwa nahesabu. Kumi. Sita. Mbili. Iliyofuata sikuwahi kuihesabu. Mwembe wa jirani ulipasuka, vinyweleo vikanisimama, mdomoni nikasikia ladha ya msumari. Nikalala kifudifudi katikati ya matuta ya viazi. Kidole kiliendelea kubonyeza kitufe cha waya wa kamera. Si ushujaa, kiligoma tu kuachia.

Nilimwita shangazi. Nina miaka arobaini na mbili.

Kufa kuliniogopesha, sikatai. Lakini zaidi niliogopa yeye kuja alfajiri kuokota mtu shambani kwa mara ya pili.

Mvua ilipopungua nilitambaa hadi nyumbani. Alikuwa amekaa mlangoni na kibatari, miwani yangu mapajani.

"Umepata ulichokifuata?"

"Nimepata."

"Haya. Kalale."

Nililala nikijifariji kwamba angalau picha ile ya mwembe ninayo.

Asubuhi hii amenirudishia miwani. Picha ni arobaini na moja, zote nyeusi. Kwenye lenzi kuna kipande cha kanga, kimefungwa kwa uzi wa kushonea, mafundo mawili.