Tangi Chini ya Kitambaa

Shikamoo, Baba.

Nimewahi kazini. Samaki wote nimewahamishia tangi dogo, na dawa ya shaba nimeshawapimia. Usiongeze! Na usiimwage kwenye tangi kubwa, itawaua kamba na matumbawe. Hilo libaki bila samaki wiki kadhaa, vijidudu vife njaa.

~~Chai jipikie.~~ Chai iko kwenye chupa.

Asubuhi nimemkuta samaki wetu Bibi Manjano anajisugua kwenye mawe, mwili vidoa vyeupe kama kanyunyiziwa chumvi. Nyuma ya mawe akachomoza yule samaki mgeni uliyemnunua, naye ana vidoa vilevile. Nikakimbilia tangi la karantini, nikafunua kitambaa. Kavu. Buibui kajenga.

Baba, sheria ni yako mwenyewe: mgeni hukaa peke yake kwanza. Na ulipomleta ukaniambia, "Yumo humo, usimfunue, atashtuka."

Wiki nzima napita pale kwa kunyata. Mama nikamwomba apunguze redio, mgeni apumzike. Na wewe umekaa hapo hapo kwenye kochi, unanitazama tu.

Binti yako,
mlinzi wa tangi tupu